Bibi wa XP hajawahi kunidai kodi, laptopu mpya imenifungia kazi yangu mwenyewe

#1 Mzee wa Disketi

Wakuu, habari za jioni.

Nina steshenari Morogoro mjini. Natoa kopi, naprinti, nalaminisha, ila ugali wangu hasa unatoka kwenye kadi za michango na kadi za harusi. Kwenye kona, chini ya rafu ya rimu za karatasi, kuna Dell OptiPlex yenye Windows XP. Vijana wangu wanaiita Bibi. RAM yake ni GB 1, feni inanguruma kama mashine ya kusaga iliyo mtaa wa pili, na kitufe cha kuwashia kilishazama ndani, tunakifikia kwa ncha ya kalamu. Tangu 2013 haijaonja intaneti. Kazi yake ni moja tu, PageMaker 7, programu ya kupangia kurasa, toleo lake la mwisho kabisa, la mwaka 2001.

Ijumaa iliyopita kamati moja ya harusi walikuwa wanafuata kadi 200 saa 1 usiku, wakazigawe kikaoni. Nilizipanga kwenye laptopu mpya, kwa programu ya kulipia kila mwezi (jina nalihifadhi, sitaki kesi). Saa 10 umeme ukakatika, ukarudi saa 11 na nusu. Nawasha, nafungua faili langu, naambiwa niingie kwenye akaunti kuthibitisha leseni. Bando limekata. Nanunua bando. Naingia. Naambiwa malipo ya mwezi yamekataliwa, kumbe ile kadi ya mtandaoni niliyotengeneza kwenye simu muda wake umekwisha. Natengeneza nyingine, naweka salio, kiduara kinazunguka. Kinazunguka weee. Mwenyekiti wa kamati kasimama mlangoni, hasemi kitu, anaangalia saa. Jina la faili naliona pale. Kazi nimeifanya kwa mikono yangu. Haifunguki.

Nikamwamsha Bibi. Nikachukua kadi ya zamani yenye ua jekundu, nikabadili majina, tarehe na ukumbi, nikaandika upya namba za mweka hazina. Saa 2 kasoro robo karatasi ya mwisho ikatoka. Mwenyekiti akalipa, akasema tu kwamba lile ua la kwanza lilikuwa zuri zaidi.

Hasira haijaisha mpaka leo, kwa hiyo naimwagia hapa.

Zamani programu ulikuwa unaiweka kwenye kompyuta, imekaa. Adobe, wenye Photoshop, walitoa CS6, kifurushi chao cha kununua mara moja, mwaka 2012, na Mei 2013 wakatangaza kwamba baada ya hapo ni kulipia kwa mwezi tu, na wengine wengi wakapita njia hiyo hiyo. Mwenye nyumba wangu nikichelewesha kodi anakuja, anagonga, anakunywa chai, tunaelewana mwisho wa mwezi. Huyu wa kwenye laptopu hapigi hodi. Anabadilisha kitasa wewe ukiwa ndani unafanya kazi.

Halafu kuna hili la Windows 10, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Wengi wetu mashine zetu zimetoka kwenye ofisi za Ulaya, zimekuja kwenye kontena, tumezichukua Kariakoo: OptiPlex, EliteDesk, ThinkPad, Core i5 ya kizazi cha 4 au cha 6. Windows 11 inataka kizazi cha 8 kwenda juu, pamoja na chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0. Mashine nzima, haina hata mkwaruzo, inafungua Excel kabla hujakaa vizuri kwenye kiti, lakini huko juu wameshaiandikia cheti cha kifo.

XP ilipotoka 2001 ilikubali kuwaka hata kwenye RAM ya MB 64. Windows 11 haianzi chini ya GB 4. Hiyo ni mara 64. Na mteja anayekuja kwangu anataka kitu kilekile alichotaka 2001: barua ya maombi ya kazi, ukurasa mmoja, jina lake likae katikati. Niklaus Wirth, yule Mswisi aliyebuni lugha ya Pascal, alishalalamika 1995 kwamba programu zinanenepa kwa kasi kuliko mashine zinavyopata nguvu. Alifariki Januari 2024, na muda wote huo hawakumsikiliza.

Karibuni mnirekebishe.

#2 Jiwe la Posta

Mkuu kwa hiyo turudi kwenye disketi? Mimi disketi ilinifia mkononi siku ya kukusanya ripoti ya fildi. Kurasa 42. Nilikaa chini kwenye ngazi za idara nikalia kama mtoto. Nostalijia yako ibaki hukohuko Moro.

#3 Sheria Mkononi

Mleta uzi umeandika vizuri, ila kuna mahali umeruka kwa makusudi. Hiyo PageMaker ya Bibi uliinunua?

Wakongwe tujuane. Ile namba ya leseni ya XP iliyozagaa mitaani, inayoanza na FCKGW, kuna watu humu wanaikumbuka kuliko namba zao za NIDA. CD tulizichukua kwa wamachinga, zimeandikwa kwa maka peni, ndani kuna folda ya krak, yaani kivunja leseni, na maelezo "zima intaneti kwanza". Hatukumiliki kitu. Tuliiba, na kwa kuwa tuliyemwibia alikuwa mbali tukajisahau tukaona ni haki yetu. Hizi programu za mwezi kwa mwezi zimekuja kwa ajili ya watu kama mimi na wewe. Leo mwizi analalamika kitasa kimebadilishwa?

#4 Mzee wa Disketi

Sheria Mkononi, umenipiga penyewe. XP ya Bibi ina stika ya Dell ubavuni, hiyo naweza kuiapia. PageMaker, tuache.

Lakini hebu tazama hiyo Ijumaa yenyewe. Mimi nilikuwa nimelipa. Miezi saba mfululizo, risiti zote ziko kwenye barua pepe. Kijana wa duka la tatu kutoka kwangu anatumia programu ileile, ya krak, na jioni ile nilikuwa namsikia anapiga mluzi huku printa yake inakohoa karatasi. Kitasa kilibadilishwa kwa ajili ya mwizi, kikamfungia mpangaji nje. Mwizi alishapitia dirishani zamani.

Na mimi sigombani na bei. Wangesema lipa laki nne mara moja, ningejinyima nikalipa. Nagombana na swichi ya kunizimia kazi kukaa kwao. Julai 2009 Amazon walifuta vitabu ndani ya Kindle za watu waliokwisha kuvilipia, kisa aliyeviweka sokoni hakuwa na haki navyo. Pesa zilirudishwa, sawa. Kinachonitisha ni ule mkono kuweza kufika mpaka ndani ya begi la mtu.

#5 Mlinzi wa Zamu

Nafanya kazi za usalama wa mitandao, nyuzi kama hizi zinanipandisha presha.

Mei 12, 2017. WannaCry. Kirusi kiliingia kwenye kompyuta za dunia nzima kwa siku chache, kikafunga mafaili ya watu, kikadai dola 300 za bitcoin. Uingereza hospitali ziliahirisha hadi oparesheni. Tundu kilimopitia lilitokana na silaha ya mtandao ya shirika la kijasusi la Marekani, NSA, iliyovujishwa mapema mwaka ule. Na kiraka chake, yaani apdeti ya kuziba tundu, Microsoft walikuwa wamekitoa Machi, miezi miwili kabla! Waliodakwa wengi ni wale wa "apdeti inakula bando". Hadi XP, ambayo ilishatelekezwa tangu Aprili 2014, walilazimika kuitolea kiraka cha dharura.

Swichi unayoichukia ndiyo hiyohiyo inayoleta viraka. Ukiikata, umekata vyote.

Halafu "haijaonja intaneti" ni maneno ya kujifariji. Wateja wako wanaleta kazi kwa nini? Kwa flashi. Flashi za chuo! Nani amesahau zile folda zinazogeuka njia za mkato, ukibofya moja kirusi kimehamia kwako?

#6 Mhasibu wa Zamu ya Mchana

Kaka zangu, ngoja na mimi niseme, maana naona mnaongea kama kompyuta zote ni za kuprintia kadi.

Mimi nahudumia SACCOS. 2016 tulikuwa na mashine moja ya hesabu, programu imenunuliwa kihalali, CD iko kabatini na leseni yake, kila kitu ni "mali yetu" kama anavyopenda mleta uzi. Siku moja diski ikaanza kugonga tik, tik, tik. Saa 8 mchana ikanyamaza. Miaka minne ya michango ya wanachama. Nakala ya akiba ilikuwepo, iko kwenye diski hiyohiyo, folda nyingine.

Tulirudia kuingiza stakabadhi moja moja kwa miezi mitatu. Kuna mama mmoja muuza mboga alikuja na vijikaratasi vyake vyote amevifunga kwenye kanga, havijapungua hata kimoja. Yule ndiye pekee ambaye hesabu yake ilikaa sawa mara ya kwanza.

Sasa hivi tunalipia kwa mwezi, hesabu ziko kwenye seva za watu huko nje. Nalala usingizi. Kama swichi iko kwao, na diski inayokufa pia iko kwao.

#7 Mzee wa Disketi

Dada Mhasibu, hiyo kanga imenifunga mdomo kwa muda. Sina jibu. Labda niseme tu kwamba kuhifadhi nakala kwa watu ni jambo moja na kuomba ruhusa ya kufungua faili lako ni jambo jingine, na wanatuuzia yote mawili kwenye kifurushi kimoja kana kwamba hayatenganishiki. Ila kwenye kulala usingizi umenishinda.

Mlinzi, hilo la flashi ni kweli. Utaratibu wetu: flashi ya mteja inaingia kwanza kwenye mashine ya mbele yenye Linux, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, tunachukua faili tunalolitaka tu, tunalihamisha kwa flashi yetu nyekundu, ndiyo inaingia kwa Bibi. Nyekundu haitoki dukani. Si ulinzi wa benki, lakini tangu 2019 hajaugua.

Na apdeti nazo tusizifanye malaika. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya usalama, CrowdStrike, ilisambaza faili moja bovu, mashine milioni 8.5 za Windows zikaanguka siku moja, abiria wakalala viwanjani. Wale walikuwa wateja watiifu kabisa, wamelipa, wamesasisha. Bibi siku ile alikuwa anatoa kadi za kipaimara.

#8 Mwana wa Mvita

Salaam kutoka Mombasa. Hapa kwetu vitabu vya shule vinaiita tarakilishi, lakini ingia mtaani useme "nitengenezee tarakilishi" uone fundi atakavyokukodolea macho.

Mimi naona mnasahau teknolojia kongwe iliyo mifukoni mwenu. M-Pesa ilianza hapa Kenya 2007 ikapita kwenye laini za simu za kawaida, simu zile tunazoziita mulika mwizi, nyinyi mnaita kitochi au kiswaswadu. Hadi leo nyanya yangu kule Lamu apokea pesa kwa kabambe lake, bila bando wala apu. Menyu za nyota na reli, teknolojia ya miaka ya 90, kioo cheusi na kijani. Benki zimejenga apu za rangi tisa, apu yataka apdeti kila Jumatatu, na kabambe la nyanya lashika pesa vilevile.

Lakini bwana Mzee, usisahau pia: swichi ya hiyo nyota na reli iko kwa kampuni ya simu toka siku ya kwanza. Mbona hiyo hukulalamika?

#9 Mzee wa Disketi

Mvita, kwa sababu haijanifungia Ijumaa. Ikinifungia utaniona na uzi wa kurasa kumi.

#10 Mstaafu wa Ilala

Vijana hamjambo. Nasoma nacheka.

Nyinyi mnagombania swichi iko kwa nani. Sisi mwaka 1974 kompyuta yenyewe ilipigwa marufuku kuingia nchini, yenyewe na televisheni. Hazina walikuwa na kompyuta tangu 1965, na hesabu zikawaletea matatizo, ikaonekana bora tuachane nazo. Sikuumia. Sikujua kompyuta ni nini, ningeumia kwa kitu gani? Nilikuja kuigusa miaka ya 90, nikamuuliza kijana wa ofisi hii panya inakula nini.

Na 2016 mnakumbuka zile simu feki? TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walitangaza miezi kabla, Juni 16 usiku ukafika, zikazimwa. Mwanangu aliamka asubuhi ana kioo cha kujitazamia. Kwa hiyo mkono wa mbali si mgeni kwetu. Tofauti yake, ule wa serikali ulitangaza tarehe redioni, na tulijua mlango wa kwenda kupiga kelele uko mtaa gani.

#11 Mwalimu wa Fizikia

Samahani kwa kuingia na shida badala ya hoja. Shule yetu ilipata kompyuta 20 za msaada, HP, Core i5 ya kizazi cha 4, RAM GB 4. Zina Windows 10. Kuna mtaalamu kaja kasema zitupwe tununue mpya, bajeti ya mpya hatuna hata ya mbili. Mzee wa Disketi, wewe ungefanyaje?

#12 Mzee wa Disketi

Mwalimu, huyo mtaalamu usimpe hata soda.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kununua muda: kwa mtu binafsi Microsoft wanaongeza viraka vya Windows 10 mpaka Oktoba 2026, kwa dola 30, au bure ukiingia na akaunti yao na kuwaachia nakala ya mipangilio yako. Umeona? Swichi ileile, safari hii wanataka uishike kwa mkono wako. Na huo ni mpango wa nyumbani, taasisi zina bei yake nyingine. Mimi kwa shule nisingehangaika nao.

Ya pili ni Linux Mint, ile yenye sura ya Xfce, ni nyepesi. Mashine zako zinaiweza bila kutokwa jasho. Ukipata pesa kidogo usikimbilie RAM, weka SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, hata ya GB 120. Diski za zamani ndizo zinazofanya watu waseme kompyuta imezeeka. Ijaribu kwanza kwa flashi bila kufuta chochote: iwashe kutoka kwenye flashi, uone sauti, mtandao na kioo vinakubali, ndipo uipige moja kwa moja.

Wanafunzi watakulilia Word. Wape LibreOffice, programu ya ofisi ya bure. Wataogopa kwamba kazi zao zitavurugika wakizipeleka kwingine, na hofu hiyo si ya bure, majedwali huwa yanahama. Lakini maandishi ya kawaida yanakaa. Mwandiko wa Liberation Serif ulichorwa makusudi ili kila herufi ichukue upana uleule wa Times New Roman, na Carlito umeifuata Calibri hivyohivyo. Kwa hiyo ukurasa wa 7 unabaki kuwa wa 7.

Mimi nilianza na Ubuntu, Linux nyingine, ile ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Walikuwa wanakutumia CD bure kwa posta, popote ulipo duniani. Nilijaza fomu kwenye kafe ya intaneti, dakika zinahesabiwa, nikasahau kabisa. Wiki kadhaa baadaye karani wa posta ananiita, "wewe una mzigo wa Ulaya". Bahasha ngumu, ndani CD za kweli, zimeprintiwa, zina picha. Nilidhani kuna mahali nitadaiwa. Mpango ule waliufunga 2011. CD moja bado ninayo, haina kazi, nimeitundika ukutani juu ya Bibi.

#13 Jiwe la Posta

Mzee kumbe una moyo. Naifuta ile nostalijia.

Wakati tuko hapo, mnakumbuka Jambo OpenOffice? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 2004, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Niliiweka, nikafungua menyu, nikapotea. Tulizoea Kiingereza cha menyu kuliko Kiingereza chenyewe: mtu hawezi kuomba maji kwa Kiingereza lakini anajua alama ya kuhifadhi iko wapi na inaitwaje. Nikaitoa siku ileile. Leo najuta kidogo. Kidogo tu.

#14 Sheria Mkononi

Na kwa sababu ile ilikuwa huria, yaani yeyote anaruhusiwa kuichukua na kuiendeleza, tafsiri haikufa na kampuni. Nenda kwenye LibreOffice, kwenye orodha ya lugha Kiswahili kipo, si kila kona imetafsiriwa lakini kipo. Programu ya kulipia ikiacha lugha yako huna pa kwenda kudai. Haya, hapo nampa Mzee pointi moja. Ya PageMaker bado nakudai.

#15 Mwalimu wa Fizikia

Mrejesho. Nimepiga Mint kwenye mashine nne. Tatu safi, watoto wameshagundua michezo kabla sijaonyesha kuandika barua. Ya nne inafanya kazi, ila kila asubuhi ikiwashwa inalalamika saa haijawekwa, inataka F1, na tarehe inakuwa imerudi nyuma miaka.

#16 Mzee wa Disketi

Hiyo ni betri ya ubao, CR2032, ile bapa kama sarafu. Chomoa waya wa umeme kwanza, fungua ubavu, utaiona inang'aa. Isukume kile kibanio, itaruka yenyewe. Mpya unaweka maandishi juu. Usihangaike kwenda duka la kompyuta, mtafute fundi saa.

#17 Mwalimu wa Fizikia

Imekubali! Fundi saa sokoni, shilingi 1,000. Mzee, la mwisho: printa ya ofisi, LaserJet 1020. Mint inaiona, inasema iko tayari, ukituma kazi haitoi kitu.

#18 Mzee wa Disketi

Aisee. Hiyo 1020 haina kumbukumbu ya kudumu ya kutunzia programu yake. Kila ikiwashwa inasubiri kompyuta iilishe kijifaili fulani ndipo izinduke. Kijifaili hicho si huria, ni cha HP wenyewe, unakipakua kwao.

#19 Sheria Mkononi

😂😂😂

#20 Mzee wa Disketi

Cheka. Mwalimu, andika hp-plugin kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, kubali masharti, na bando liwe la kutosha. Kikishashuka kinakili kwenye flashi, uifiche kabatini pamoja na mitihani. Mimi cha kwangu kiko kwenye ile nyekundu.